Kesi ya Jogoo wa Gulwe

Kwa miaka minane nilikuwa mwizi wa kuandikwa, na sikuwa na habari. Niliamka kila siku, nikapanda kilima cha shule kule pembezoni mwa mji, nikawaamsha mabinti wa watu wakaoge, nikawakagua kucha, nikawanyang'anya simu walizozificha kwenye unga wa sabuni, na wakati wote huo jina langu lilikuwa limelala kwenye mashine ya serikali pamoja na majambazi. Mimi ni matroni wa bweni. Kazi yangu ni kuwaambia watoto wasichukue cha mwenzao. Cheka kama unataka kucheka. Mimi nilishacheka, kicheko kikaisha.

Yote yalianza na mkuu mpya wa shule. Alikuwa mmoja wa wale waliohamia Dodoma juzi juzi, wakakuta vumbi letu, wakalilaumu kana kwamba tulilimwaga sisi. Aliitisha kikao, akatangaza kwamba kila anayelala jirani na watoto alete cheti cha polisi kinachoonyesha kwamba hajawahi kutiwa hatiani. Siku za nyuma shule yetu iliajiri mtu kwa kumtazama usoni na kuuliza anasali wapi. Sikupinga. Watoto wa watu si wa kuachiwa kila anayepita, na kwa hilo mkuu alikuwa sahihi, jambo linaloniudhi mpaka leo kwa sababu sipendi kumkubalia kitu yule mtu.

Nikajaza fomu, nikaenda kuchukuliwa alama za vidole. Nilivaa kitenge kizuri, maana nilidhani naenda kusifiwa. Siku ya kufuata majibu, dada wa dirishani alitazama kioo chake, akanitazama mimi, akarudi kwenye kioo.

"Mama, hapa inaonyesha uliwahi kutiwa hatiani."

"Kwa kosa gani?"

"Wizi."

"Wizi wa nini?"

Akasogeza uso karibu na kioo. Alikuwa binti mwenye adabu, na nadhani alikuwa anatafuta neno zuri zaidi, akalikosa. "Wa kuku," akasema.

Nyuma yangu palikuwa na foleni ya vijana wanaotafuta ajira za ulinzi, wanaume wenye vifua. Mmoja alikohoa kile kikohozi cha kuficha kicheko. Nikachukua karatasi yangu, nikatoka nikiwa nimenyoosha shingo, na nilipofika nje ndipo nikakumbuka. Jogoo wa Gulwe.

Ukoo wetu na ukoo mmoja wa Gulwe ni watani tangu enzi za mababu. Asiyejua utani wa koo nitamwelewesha kwa kifupi: mtani wako ana ruhusa ya kukutukana, kukunyang'anya na kukucheka siku ambayo dunia nzima inakuonea huruma. Kwenye msiba ndipo anapofanya kazi yake hasa. Anavaa koti la marehemu, anaiga alivyokuwa anatembea, anachukua sufuria au kuku na kutangaza kwamba ni urithi wake, na wafiwa wanacheka huku machozi hayajakauka. Hakuna anayemwambia mtani "rudisha". Ukimwambia hivyo umemtukana, na si lile tusi zuri.

Mwanamke ninayemwita mtani wangu alifiwa na mumewe miaka hiyo minane iliyopita. Nilipanda basi la Mpwapwa, nikamalizia na pikipiki mpaka Gulwe, ng'ambo ya reli, nikaanza kazi kabla sijanywa maji. Nilivaa koti la marehemu nikaonyesha alivyokuwa anavizia bei ya mbuzi mnadani, anaondoka kwa hasira hatua tatu na kurudi mbili. Mtani wangu alicheka mpaka akashikwa na wanawake wenzake. Siku ya tatu nikaona jogoo amefungwa mguu karibu na pipa la maji, jogoo mkubwa wa kisasa, ana manyoya mpaka kwenye vidole kama amevaa soksi. Nikamfungua, nikapita naye mbele ya watu wote nikisema marehemu alikuwa ameniahidi. Vijana wakamchinja, tukamla sisi watani, na supu nikamtumia mfiwa.

Jogoo yule alikuwa ameletwa na mkwe wa nyumba ile, mume wa binti mkubwa. Asubuhi alimkabidhi mama mkwe wake mbele ya macho yetu, kwa maneno mengi, awe zawadi. Mchana alipomkuta kwenye sufuria akasema hakuwa amemkabidhi bado, na kwamba huo ni wizi. Tukampigia makofi. Tulidhani hatimaye mkwe wetu amejua kutania. Utani uko nchi nzima, hata kwao upo, lakini yeye alikuwa amesoma mpaka ukambanduka. Alipanda gari lake la ofisi akaenda kituo cha polisi, akafungua jalada, kisha akarudi kukaa kwenye mkeka wa msiba.

Sasa sikiliza tulivyofanya ujinga, na ujinga huu huwezi kuufanya kama hukulelewa na watani. Mahakamani nilisomewa shitaka, nikaulizwa ni kweli au si kweli. Mtani hakani. Ukikana umesema mwenyewe kwamba ulichofanya ni wizi, na umewaaibisha waliocheka. Nikajibu kwa sauti, "Ni kweli kabisa mheshimiwa, na ningekuwa na kapu kubwa ningebeba na mitetea."

Benchi la nyuma likaangua kicheko. Mtani wangu naye alikuwa amekuja, na kaniki yake ya ufiwa, amesafiri kwa ajili yangu. Hakuitwa na mtu, akasimama. "Mheshimiwa, mfunge huyo," akasema. "Ni mwizi tangu tumboni mwa mama yake, na mama yake naye alikuwa mwizi." Alikuwa ananipa heshima kubwa kuliko zote anazoweza kutoa mtu wa Gulwe. Karani akamwambia akae. Hakimu alikuwa anaandika. Niliiona kalamu yake ikienda, na sikushtuka hata kidogo, nilidhani anataka kuwahadithia watu wa nyumbani kwake.

Nikatiwa hatiani. Nikaachiwa kwa sharti la kutofanya kosa lolote ndani ya miezi kumi na miwili, nikaweka vidole vyangu kwenye wino, tukatoka tunacheka tukaenda kula mishikaki stendi. Kwenye baraza la ukoo ukishakiri, jambo limekwisha. Unachekwa, au unatoa mbuzi, na kuanzia hapo atakayelifufua ndiye mkosaji. Sisi watu wazima, wenye wajukuu, tuliamini mahakama nayo ni baraza, ila ina bendera na watu wanavaa tai.

Basi nikarudi shuleni na karatasi yangu. Ningeweza kuificha, lakini mkuu alikuwa ananyoosha mkono. Aliisoma akaivuta midomo yake ndani. Akaniambia nimepewa muda mpaka shule zitakapofungwa mwishoni mwa mwaka. Nikileta cheti safi nitaendelea, nisipoleta mkataba utakoma. Kwa wakati huo nisiingie bwenini wala nisiongee na wanafunzi. Nikahamishiwa stoo ya magodoro. Mtu aliyelea mabinti wa kidato cha kwanza mpaka cha nne, anayejua nani anakojoa kitandani na nani baba yake anampiga mama yake, akakabidhiwa magodoro ayahesabu. Wasichana walikuwa wanapita dirishani kwa kuiba.

"Matroni, shikamoo. Unaumwa?"

"Marahaba. Naumwa."

"Unaumwa nini?"

"Kuku."

Hawakuelewa, na nilifurahi hawakuelewa. Kazi ile naipenda. Niliwaambia watu wengi sababu nyingine, pensheni, umri, nyumba yangu ya Mkonze ambayo haijapigwa plasta, lakini ukweli ni kwamba naipenda na niliogopa kufa nikiwa mwanamke asiyehitajika na mtu yeyote saa kumi na moja alfajiri.

Ukiwa na shida Dodoma hukosi washauri. Mwalimu mmoja wa kemia aliniambia nisugue vidole na saruji na limau mpaka mistari ifutike. Mwalimu wa kemia, huyo. Jirani yangu akanishauri niombe cheti kwa jina la marehemu dada yangu, ambaye naye alikuwa mtani wa Gulwe na alikuwa mbaya zaidi yangu. Halafu akatokea bwana mmoja mwenye simu tatu aliyesema anaye mtu wa ndani, atabofya tu na jina litatoka. Nilimuuliza, kama ni rahisi hivyo kwa nini asianze kwa kufuta la kwake. Akaondoka amenuna.

Aliyenifaa ni wakili mmoja mwanamke wa msaada wa kisheria, aliyekuwa na mafua siku zote na hakuwa na muda wa kubembeleza mtu. Nilimsimulia yote. Nilitegemea acheke. Alipenga kamasi akasema kesi yangu haifutwi kwa barua ya kuomba huruma. Lazima tuombe kuongezewa muda, halafu tuiombe mahakama ya juu itengue ile hukumu, kwa hoja kwamba nilipojibu ni kweli sikuwa nakiri wizi, nilikuwa nakiri utani. Hukumu ikitenguliwa, na rekodi inatoka.

"Na nani atathibitisha kwamba jogoo alikuwa ameshakabidhiwa, na kwamba mwenye nyumba aliridhia?" akauliza.

"Mtani wangu."

"Yule aliyesema mama yako naye ni mwizi?"

"Huyo huyo."

Akafunga macho kidogo. "Nyie mnapenda sana kutania mbele ya watu wanaoandika," akasema. Alitaka hati ya kiapo ya mtani wangu, iliyonyooka, isiyo na mzaha hata wa nukta, iseme kwamba jogoo alikuwa wake na kwamba mimi ni mwaminifu. Bila hiyo hakuna kesi.

Nikaenda Gulwe. Mtani wangu alikuwa anapepeta uwele uani, akaniona kwa mbali, akapaza sauti kwa wakwe zake waliokuwa ndani. "Ficheni vijiko, mwizi amekuja."

"Vijiko vyako nilishachukua msiba uliopita," nikamwambia. "Hivyo ulivyo navyo ni vya kuazima."

Tukaendelea hivyo nusu saa nzima, ndivyo tunavyosalimiana. Akanipikia ugali na mlenda. Nilipomweleza kilichonileta aliacha kula.

"Kuapa?" akasema.

"Mbele ya kamishna wa viapo, pale mjini. Unashika Biblia, unasoma karatasi, unaweka sahihi."

"Niape kwamba wewe ni mwaminifu."

"Kwani uongo?"

Hakucheka. Alitazama mkono wake uliokuwa na ugali. "Nikishaapa kwa Mungu kwamba si mwizi, kesho nitakuitaje?"

"Utaniita unavyotaka. Karatasi ni karatasi."

"Kwako karatasi. Mkono utakaokuwa juu ya Biblia ni wangu."

Nikamjibu asiniletee mambo ya kizamani. Nilisema hivyo mimi, niliyeponzwa na mambo ya kizamani mpaka nikalala na magodoro, na nilisema kwa ile sauti ninayotumia kwa wasichana waliochelewa kufagia. Nikamwambia mahakama haimjui, Mungu ana kazi nyingi, na wala hakuna atakayekumbuka aliapa nini. Nilimdharau, niseme ukweli. Nilimwona mwanamke wa shamba anayeogopa meza yenye mhuri. Miezi ile nilikuwa nimejaa dharau, nikawa nammwagia kila aliyekaa karibu.

Alinawa mkono. Akaniuliza, "Hiyo kazi yako unaipenda?"

"Naipenda."

"Basi nitakuja," akasema, akaondoa sahani.

Alikuja na sare yake ya akina mama wa kanisani, kilemba cheupe, viatu vya kuazima. Njia nzima kutoka stendi nilimchokoza na hakujibu. Kamishna wa viapo alikuwa mzee mwenye chumba kidogo kilichojaa mafaili mpaka dirishani, akampa Biblia, akamwambia asome karatasi kwa sauti ili ahakikishe anaielewa. Kiswahili kwa mtani wangu ni lugha ya kanisani na ya sokoni. Alisoma polepole, kidole chini ya kila neno. Kwamba jogoo alikabidhiwa kwake asubuhi ya siku ile. Kwamba aliridhia achukuliwe. Kwamba maneno aliyoyasema mahakamani yalikuwa utani na hayakuwa kweli. Kwamba ananifahamu tangu usichana wetu, na kwamba mimi ni mwanamke mwaminifu, sijawahi kuchukua mali ya mtu.

Pale kwenye "mwaminifu" nilimtolea jicho na kuvuta mdomo upande, nikitegemea atapasuka. Maisha yake yote hajawahi kuniona nimevuta mdomo asipasuke. Hakunitazama. Alimaliza sentensi, akasema Mungu nisaidie, akaweka sahihi kwa herufi kubwa, moja moja. Nje aliomba maji ya kunywa. Stendi nilimpandisha basi, akaniambia, "Kwaheri mama, Mungu akutangulie." Nikadhani amechoka na jua.

Mahakama ilichukua wiki nyingi kupanga siku na dakika kumi kuamua. Upande wa pili haukupinga. Wakili alikuwa amempigia simu yule mkwe, kumjulisha tu, na yule bwana alisema hakumbuki jogoo gani. Miaka minane jogoo wake ananikalia kichwani, yeye hakumbuki. Hakimu aliyetusikiliza alisoma maneno yangu ya zamani kutoka kwenye jalada, yale ya kapu na mitetea, na nadhani alitabasamu, lakini sina hakika na sikuthubutu kutabasamu naye. Nilikuwa nimeshajifunza. Hukumu ikatenguliwa. Cheti kikatoka siku nne kabla ya shule kufungwa, kinasema sina kosa lolote, kana kwamba sijawahi kufika Gulwe.

Nikampelekea mkuu. Alikitia kwenye faili bila kukisoma mpaka mwisho, akasema "safi", akaniuliza kama vyandarua vya bweni la pili vina matundu. Hiyo ndiyo shukrani ya kusafishwa. Nikatoka na funguo zangu. Wasichana walipiga vigelegele mpaka nikawakemea, nikakagua kucha, nikanyang'anya simu mbili.

Jioni nilikaa kwenye kitanda changu cha matroni, nikampigia mtani wangu kumpa habari. Niliianza vizuri, kwa nguvu zote.

"Wewe mchawi wa Gulwe, ficha mitetea. Mwizi amesafishwa, sasa anakuja kuchukua na zizi."

Nilisikia mbuzi wake wanalia nyuma.

"Hongera sana, mama," akasema. "Namshukuru Mungu kwa ajili yako. Watoto hawajambo?"

"Mama nani? Unaongea na nani?"

"Naongea na wewe, mama."

Nilipofiwa na mume wangu, watu walikuja Mkonze wakakaa na sura za huzuni siku saba, na sikumbuki hata mmoja wao alisema nini. Yeye alikuja akalala katikati ya mkeka wangu, akasema mume wangu amekimbia upishi wangu, nikacheka, na kicheko hicho ndicho kilichonifanya nikaweza kula. Wakubwa zangu wote wamekwisha. Hakuna mwingine aliyebaki mwenye ruhusa hiyo juu yangu, na hapo simu ikiwa sikioni niliogopa kuliko nilivyoogopa stoo, mkuu wa shule na mahakama zote mbili.

"Nitukane basi," nikamwambia. "Kidogo tu."

Nilijua hanifanyii hila, kwa sababu nilisikia anavuta pumzi kama mtu anayejaribu.

"Siwezi, mama," akasema. "Nimeapa."